Goti la Mwalimu: homeopathia, diklofenaki na presha iliyoshuka

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya serikali kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mhusika nitamwita Mwalimu, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na mji wetu una walimu wastaafu wa kutosha kumficha. Umri, miezi na mambo mengine madogo nimeyageuza.

Kila ninapokisimulia kisa hiki kazini, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema homeopathia, tiba mbadala aliyokuwa anaitumia, imemponya, na kuna wanaosema katapeliwa. Hakuna anayeuliza lililonisumbua mimi miezi tisa: huyu mama kapata nafuu ya kweli, nimeipima kwa mikono yangu. Imetoka wapi?

Magoti yenyewe

Mwalimu ana miaka 63, ni mjane, analea wajukuu wawili. Pensheni haikidhi, kwa hiyo alfajiri huuza vitumbua barazani kwake. Vitumbua vyake havipikiki bila nazi, na nazi haikuniki bila mbuzi. Kila jioni hukalia kile kibao kifupi, magoti yamekunjwa hadi mwisho, akakuna nazi nne au tano. Ongeza choo cha kuchuchumaa, ngazi za daladala, na kusujudu katika swala tano.

Maumivu yalikuwa na miaka minne, goti la kulia likiongoza. Asubuhi lilikuwa linakaza dakika kumi hivi, akitembea linalegea, jioni linauma upya. Ukiweka kiganja juu ya goti na kuukunja mguu, ulisikia mkwaruzo kama wa mchanga chini ya kandambili. Goti halikuwa na joto wala wekundu, na vidole vya mikono vilikuwa salama. Hiyo ni osteoathraitisi, kusagika kwa kiungo. Si baridi yabisi, ingawa mitaani jina hilo hubebeshwa kila kiungo kinachouma. Eksirei ilionyesha daraja la tatu kati ya manne.

Aliyemsomea picha ile alimwambia mafuta ya goti yameisha, asubiri kubadilishiwa. Maneno hayo yalimkaa kuliko dawa yoyote. Akawa anakula bamia kila siku ili kurudisha ute, na akapunguza kutembea ili mfupa usizidi kulika. Bamia hazikumdhuru. Kuacha kutembea ndiko kulikomharibia: paja la kulia lilikuwa limenywea, na goti lisiloshikwa na misuli ya paja huuma zaidi. Picha ya eksirei nayo si kipimo cha maumivu. Nimewaona wenye daraja la nne wanaopanda minazi, na wenye daraja la pili wasiofika sokoni.

Pamoja na hayo alikuwa na presha kwa miaka tisa, akitumia losartani na dawa ya kukojosha, hidroklorothiazidi.

Mambo yalivyokwenda

Aprili, katikati ya masika, aliletwa kwangu kwa mara ya kwanza. Maumivu aliyakadiria 8 kwa 10. Uzito kilo 88, presha 164/96. Akiwa amekunja mikono kifuani, aliweza kusimama na kukaa kitini mara 6 kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 12 ni udhaifu. Foleni ilikuwa imefika kwenye korido. Nikampa karatasi ya mazoezi yenye mchoro wa kijana aliyelala juu ya godoro jembamba, nikamwambia arudi baada ya wiki nne. Dakika nane hazikutimia. Sikumuuliza anameza nini zaidi ya dawa za kliniki. Wenzangu wa kliniki ya presha, wao walikuwa wanafikiria kumwongezea dawa ya tatu.

Mei, binti wa dada yake alimpeleka Dar es Salaam kwa mtoa tiba wa homeopathia. Alikaa naye saa moja na nusu. Aliulizwa goti linaumaje mvua ikinyesha, anapenda maji ya moto au ya baridi, analala ubavu gani, anaota nini, na mumewe alifariki vipi. "Nililia pale, mwanangu," aliniambia baadaye. "Tangu tumzike, hakuna aliyeniuliza."

Alipewa Rhus toxicodendron ya 30C (kipimo cha kuzimua, nitakieleza mbele), vidonge vidogo vyeupe vya sukari, vinne chini ya ulimi asubuhi na jioni, avimimine kwenye kifuniko asivishike kwa mkono. Aliambiwa aache kahawa, dawa ya meno yenye mnanaa, na kujichua kwa dawa za kafuri, kwa maelezo kwamba vitu hivyo hubatilisha dawa. Akaambiwa aache vidonge vya maumivu kwa sababu vinaficha dalili. Na kwa vile mwili wake ni mzito, apunguze sukari na mafuta, na kila siku baada ya alasiri atembee ufukweni hadi jasho limtoke.

Julai alirudi kwangu anatabasamu. Maumivu 5 kwa 10, kilo 85, presha 134/82. Akaitoa ile chupa kwenye mkoba na kuiweka mezani. "Hii dawa ya Mjerumani imeshusha na presha."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia, mbele ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwamba ile ni sukari tupu na kwamba kaliwa hela. Hakubisha. Aliirudisha chupa mkobani, akafunga zipu polepole, akasema, "Ahsante, mwanangu." Agosti hakuonekana.

Septemba aliletwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyempitia nyumbani. Kichwa kilikuwa kinamuuma siku tatu, presha 182/104. Alikuwa ameacha dawa za presha wiki tano zilizopita. Nani kakuambia uache? Hakuna, aliamua mwenyewe. Presha si ilikuwa imeshuka? Na kama hospitali hawajui hata kilichomponya goti, kwa nini awaamini kwenye presha?

Fundo la khanga

Safari hii nilifunga mlango. Nikamwamkia upya, nikakaa, nikamwomba radhi kwa maneno ya Julai. Kisha nikamwomba anionyeshe kila kitu alichowahi kumeza kwa ajili ya goti, hata kama ni majani ya jirani.

Akafungua fundo kwenye pindo la khanga. Mlikuwa na noti mbili za elfu moja, karafuu, na kipande cha pakiti ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi, kimebaki vidonge vinne. Diklofenaki ya miligramu 50. "Hivi ni vya akiba, sijavigusa tangu Mei." Kabla ya hapo alikuwa anameza vitatu kwa siku, kwa karibu mwaka mzima, akinunua vichache vichache duka la dawa la mtaani bila cheti. Kwenye faili letu hakuna aliyeandika hata neno moja, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na yeye hakuona kwamba kinachouzwa dukani bila cheti ni dawa ya kuripotiwa hospitalini.

Kila kitu kilikaa sawa palepale. Diklofenaki hupunguza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Lakini figo nazo huzihitaji prostaglandini ili mishipa inayoziletea damu ibaki wazi. Zikikosekana, figo hushikilia chumvi na maji, na presha hupanda. Losartani nayo huwa kama imefungwa mguu. Ukiwa na losartani, ukaongeza dawa ya kukojosha, ukaongeza na diklofenaki, umezibana figo kutoka pande tatu. Wafamasia wanaujua mkusanyiko huo na wanauogopa. Nilirudi kwenye faili: kreatinini ya Aprili, kipimo cha damu ambacho hupanda figo zikielemewa, ilikuwa 122, na kando yake palikuwa na alama ya mshangao kwa kalamu nyekundu, basi. Tulipoipima upya Septemba ilikuwa 95.

Kwa hiyo mtoa tiba wa Dar es Salaam aliishusha kweli presha ya Mwalimu. Aliishusha kwa kumwambia aache diklofenaki. Wakati sisi tunajiandaa kumwongezea dawa ya tatu, yeye, kwa sababu isiyo sahihi, alimwondolea ile iliyokuwa inaipandisha.

Chupa ina nini

Hapa sina budi kusema wazi, kwa sababu wenzangu wengi hudhani homeopathia ni mitishamba ya Kizungu. Sivyo. Mizizi au majani yana kemikali ndani yake, nzuri au mbaya. Homeopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyetangaza wazo lake mwaka 1796: kinachomletea mzima dalili fulani, kikizimuliwa sana, kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Rhus toxicodendron ni mmea wa Amerika ya Kaskazini ambao utomvu wake huwasha na kutoa malengelenge. Katika vitabu vyao umeandikiwa mtu ambaye kiungo chake hukaza anapoanza kuinuka, hulegea akitembea, na huzidiwa siku za baridi na unyevunyevu. Mwalimu kabisa. Ila maelezo hayo yanawafaa karibu wagonjwa wangu wote wa magoti.

Herufi C maana yake ni kuzimua sehemu moja kwa mia. Ukimwaga lita moja ya utomvu huo kwenye Bahari ya Hindi yote, ukaikoroga hadi ichanganyike sawasawa kuanzia Pemba hadi Perth, umefika takriban 10C. Chupa ya Mwalimu ni 30C, yaani chota sehemu moja ya maji hayo ya bahari uizimue kwa mia, halafu urudie mara kumi na tisa nyingine. Kuanzia karibu na 12C haitarajiwi kubaki hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo.

Wapo waliopima. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya jaribio dogo la India la homeopathia ya kuchagulia kila mgonjwa dawa yake, kwa maumivu ya osteoathraitisi ya goti. Wagonjwa 60, nusu walipewa dawa na nusu kidonge kitupu, bila wao wala waliowatibu kujua nani kapewa kipi. Baada ya wiki mbili makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Mwaka huohuo baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti za magonjwa mengi, likasema hakuna hata moja ambalo homeopathia ina ushahidi wa kuaminika.

Ninalolirudia mara nyingi kuliko yote ni jaribio la Uingereza la 2011, kwa wagonjwa 83 wa baridi yabisi. Watafiti walitenganisha mazungumzo na dawa: wengine walipata mahojiano marefu ya kihomeopathia na wengine hawakuyapata, kisha ndani ya kila upande wakagawanywa kati ya dawa na kidonge kitupu. Waliohojiwa walipata nafuu. Kuwepo kwa dawa hakukuongeza kitu. Ugonjwa ni mwingine, sikatai, lakini nilipolisoma nilimkumbuka Mwalimu na mumewe.

Maamuzi ya Septemba, na sababu zake

La kwanza, vile vidonge vya homeopathia nilimwachia aendelee navyo. Mwanafunzi wangu alishangaa. Lakini havina kitu cha kupigana na losartani, na nilishavipiga vita mara moja, mgonjwa akapotea na kurudi na 182. Aliponiuliza, sikumdanganya: nilimwambia siamini kwamba vinafanya kazi, na kwamba presha yake ilishuka kwa kuacha diklofenaki. Nikamchorea figo nyuma ya fomu ya maabara. Akaitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa najiua kwa mia tatu mia tatu." Fomu aliondoka nayo.

La pili, kwa ruhusa yake nilimpigia simu mtoa tiba. Nilitarajia ugomvi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua na kuna baraza la kuwasajili, ila mazungumzo kati yao na sisi ni nadra. Alinisikiliza. Alikiri kwamba hakuwahi kumuuliza habari za presha, na akaahidi kumwambia mwenyewe kwamba dawa za presha haziachwi. Aliitimiza ahadi. Nina hakika neno lake lilikuwa na uzito kuliko langu.

La tatu lilikuwa goti, na hapo nilianza upya kwa kwenda kwake jioni moja. Ile karatasi ya mazoezi ilikuwa imekatwa vipande vya kufungia vitumbua. Kulala chini kwenye mkeka, kwa mtu ambaye kuinuka ndiyo shida yake, lilikuwa wazo la mtu asiyefikiri, na mtu huyo ni mimi. Tulichukua zoezi moja tu: kukaa na kusimama kwenye kiti cha baraza bila kushika, mara kumi kila anapoweka chuma cha vitumbua jikoni, na kuongeza kidogo kila wiki. Fundi seremala wa jirani alimfungia mbuzi juu ya benchi refu, akawa anakuna akiwa amekaa kwa urefu wa kiti. Vijana wa mtaa walimcheka siku mbili.

Mkongojo aliukataa katakata, "bado sijawa bibi wa hadithi". Akakubali mwavuli mrefu. Nilimwelekeza aushike mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu, maana wengi huushika upande uleule unaouma na hapo faida hupungua sana. Kwa siku mbaya tulikubaliana jeli ya diklofenaki ya kupaka. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na ya kumeza, na miongozo ya sasa huiweka mbele ya vidonge kwa goti. Kutembea ufukweni aendelee. Hilo lilikuwa agizo zuri la mtoa tiba, na nilimwambia hivyo.

Matokeo

Novemba goti lilivimba baada ya harusi ya mpwa wake: usiku kucha mkekani, na alfajiri akacheza ngoma. Mtoa tiba akabadilisha dawa, akampa Bryonia. Mimi nikampa jeli na siku tatu za kupumzika. Baada ya siku kumi hivi likatulia. Yeye anaishukuru Bryonia. Mimi ningependa kuishukuru jeli. Magoti ya aina hii huwaka na kutulia yenyewe, kwa hiyo huenda sote wawili tumejipa sifa ya bure.

Januari, mwezi wa tisa: maumivu 3, siku nyingine 4. Kilo 81. Kusimama na kukaa mara 11. Presha 132/80 kwa dawa zilezile mbili, dawa ya tatu haikuhitajika. Kusujudu bado hawezi, anasali kwenye kiti, na hilo linamuuma kuliko goti. Homeopathia anaendelea nayo. Kwa hesabu yake, ada na nauli za Dar es Salaam zimefika kama laki mbili na nusu. Benchi la mbuzi lilimgharimu elfu kumi na mbili.

Uchambuzi

Nafuu ya Aprili hadi Julai ilianza kabla ya mimi kufanya chochote cha maana, na lazima niikubali hivyo. Sehemu yake ni majira na bahati. Watu huja hospitali siku goti limewaka kabisa, na baada ya hapo njia iliyobaki mara nyingi ni ya kushuka. Sehemu ni matembezi na kilo tatu zilizopungua. Imepimwa kwamba kila kilo unayoipoteza hupunguza mzigo wa goti kama kilo nne katika kila hatua, kwa hiyo tatu si haba. Na sehemu, naamini kubwa, ni ile saa moja na nusu: mtu aliyeambiwa mafuta yameisha aliambiwa kwa mara ya kwanza kwamba anaweza kutembea. Hofu ya kutembea ilipoondoka, goti likafuata.

Jambo la ajabu ni kwamba maumivu hayakupanda alipoacha diklofenaki. Nadhani baada ya mwaka mzima zilikuwa zinamsaidia kidogo kuliko alivyodhani, au zile nguvu nyingine zilifidia. Kwa mgonjwa mmoja siwezi kuzitenganisha, na atakayekuambia ameweza, mwogope.

Hatari ya homeopathia katika kisa hiki haikuwa ndani ya chupa. Ilikuwa kwenye sifa. Kidonge kilipopewa sifa ya kushusha presha, losartani ikaonekana haina kazi, na Agosti nzima mama yule alitembea na kiharusi mlangoni. Mtoa tiba aliyeuliza ndoto hakuuliza presha. Hospitali iliyopima presha haikuuliza fundo la khanga. Kati ya makosa hayo mawili, la kwetu ndilo zito, kwa sababu sisi ndio tuliosomea figo.

Kuhusu kumwachia vidonge, bado natofautiana na wenzangu. Mfamasia wetu anasema nimehalalisha uongo. Jibu langu ni kwamba nilimwambia ukweli, ila Septemba niliutangulizia kiti na mlango uliofungwa. Ukweli wa Julai na ule wa Septemba ulikuwa mmoja. Hata hivyo laki mbili na nusu kwa muuza vitumbua si mzaha, na hapo sina la kumjibu mfamasia.

Wiki iliyopita Mwalimu alimleta jirani yake, mama wa miaka 58, magoti yote mawili. Kabla sijafungua faili, Mwalimu alimgusa begani: "Mfungulie fundo aone."